Mtutu mfupi au mrefu kwenye bastola: mwongozo kamili wa kasi, shabaha na kujamu

Wanunuzi wengi wa bastola wakifika kwenye mtutu wanauliza kitu kimoja tu, inapunguza kasi kiasi gani? Swali zuri, ila sio lenyewe. Ukipunguza inchi moja kwenye mtutu wa 9 mm kasi inayopotea ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, wakati slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila risasi), springi na magazini zinaongezewa kazi ngumu ambayo kwenye karatasi ya maelezo ya bastola huioni kabisa. Kwa hiyo hapa kasi tutaipitia na namba zake, lakini muda mwingi nitaupeleka kwenye mashine yenyewe, manake risasi iliyopungukiwa mita 12 kwa sekunde bado inatoka, bastola iliyojamu haitoi kitu.

Haya yote ni kwa mtu mwenye kibali, silaha halali, na sehemu halali ya kupigia shabaha.

Hatua ya 1: jua mtutu wako una urefu gani kweli

Toa magazini, vuta slaidi nyuma, angalia chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, kwa macho alafu ingiza ncha ya kidole uhakikishe hamna kitu. Rudia tena. Nikisema rudia namaanisha rudia, hasa kama kuna mtu mwingine kaishika hiyo bastola kabla yako. Risasi zote ziweke chumba kingine.

Kwa bastola ya magazini funga slaidi, chukua kijiti chembamba cha mbao, kiingize mdomoni mwa mtutu taratibu mpaka kigote uso wa slaidi kule nyuma, weka alama pale kinapoishia mdomoni, kitoe, pima kwa rula. Hiyo ndo namba ya kiwandani. Sasa ona kitu hapo, namba hiyo imeshameza chemba ndani yake. Ganda la 9 mm lina milimita 19 na ushee, kwa hiyo mtutu unaoitwa wa inchi 4 (milimita 102) una mifereji (ile michirizi ya ndani inayoizungusha risasi) ya kama milimita 80 tu mbele ya chemba.

Rivolva, ile bastola ya silinda inayozunguka, inapimwa tofauti kabisa, kuanzia mdomoni mpaka mwisho wa mtutu pale unapokutana na silinda, na silinda haihesabiwi. Ndo maana kulinganisha rivolva ya inchi 2 na bastola ya inchi 3 kwa kusoma namba kwenye boksi ni kujidanganya, ukiipima ile rivolva kwa mtindo wa bastola ya magazini unakaribia inchi 3 na nusu. Lakini usishangilie sana, kati ya silinda na mtutu kuna mwanya, kwa kawaida kama milimita 0.1 mpaka 0.2, na gesi inavuja hapo kila risasi. Mwanya ukiwa mpana kasi inashuka hata kama mtutu ni mrefu, na rivolva mbili za aina moja zinaweza kupishana kwa sababu ya huo mwanya tu.

Kifaa kinachofungwa na kufunguliwa mbele ya mtutu, kama kompensata (ile inayotupa gesi juu ili mdomo usiruke), kwa kawaida hakihesabiwi kwenye urefu.

Hatua ya 2: kasi, na namba zake bila chumvi

Pini ikigonga, baruti inawaka na presha inafika kilele wakati kichwa cha risasi ndo kwanza kimeanza safari, hakijaenda hata sentimita mbili. Kwenye 9 mm kikomo cha presha kwa viwango vya SAAMI, taasisi ya Marekani ya viwango vya silaha na risasi, ni psi (pauni kwa inchi ya mraba) 35,000, kwenye .45 ACP ni 21,000. Baada ya hapo presha inaporomoka lakini bado inasukuma, ni sawa na kusukuma gari iliyozima, hatua za mwisho zinaongeza mwendo ila sio kama zile za mwanzo. Mtutu mrefu unakupa hizo hatua za mwisho, basi.

Kwa 9 mm ya kawaida hesabu ya kushika kichwani ni kwamba kila inchi moja ya mtutu ina thamani ya kama futi 25 mpaka 50 kwa sekunde, yaani mita 8 mpaka 15. Chukua Glock, manake wao wanatoa 9 mm kwa mitutu mbalimbali: Glock 34 ina milimita 135, Glock 17 ina 114, Glock 19 ina 102, Glock 26 ina 87. Kutoka 17 kwenda 26 unapoteza milimita 27, ambayo ni inchi moja na kidogo. Kwenye risasi inayotoka mita 350 kwa sekunde hiyo ni asilimia 3 au 4. Na ukienda upande wa pili, karabini (bunduki fupi) ya 9 mm yenye mtutu wa inchi 16 mara nyingi inaongeza futi 100 mpaka 200 kwa sekunde tu juu ya bastola ya inchi 4, pamoja na chuma chote kile.

Ila nguvu ya mgongano haiendi na kasi moja kwa moja, inaenda na kasi kipeo cha pili, kwa hiyo upungufu wa kasi unauma karibu mara mbili kwenye nguvu. Piga hesabu: risasi ya greni 124 ni gramu 8 hivi. Kwa mita 350 kwa sekunde inabeba jouli 490 na ushee. Ishushe mpaka 320 na inabaki na 410 hivi. Kasi imepungua chini ya asilimia 9, nguvu imepungua asilimia 16.

Calibre, yaani ukubwa wa risasi, nazo hazilingani. .45 ACP inaenda polepole tangu mwanzo, presha yake ni ndogo, kichwa kizito, kwa hiyo inchi 5 au inchi 4 na robo haigombanishi watu. .357 Magnum ndo yenye kilio. Ile inabeba baruti nyingi inayowaka taratibu, inataka mtutu, na ukiiweka kwenye rivolva ya inchi 2 badala ya inchi 4 unaweza kupoteza futi 200 kwa sekunde au zaidi. Hizo futi hazipotei kimyakimya, baruti ambayo haikupata nafasi ya kuwaka ndani inawakia nje, unapata mwali mkubwa mbele ya macho na mlio wa kupasua masikio, mkono umepigwa teke la magnum na risasi imetoka na kasi isiyostahili hilo teke. Mi ningeweka .38 Special +P (yenye presha ya juu kidogo kuliko kawaida) kwenye rivolva ndogo kama hiyo na kulala vizuri.

Kitu kingine ambacho wauzaji hawakisemi: mitutu miwili yenye urefu uleule inaweza kutofautiana kwa kasi sawa na inchi nzima. Chemba moja imebana, nyingine imelegea, mtutu mmoja una mifereji laini, mwingine una kwaruzo. Kwa hiyo unaweza kukuta bastola ya inchi 3.8 inashinda ya inchi 4.2 kwenye risasi za boksi moja, na hakuna uchawi hapo.

Wanaoshindana IPSC, mashindano ya kimataifa ya kupiga shabaha kwa vitendo, hii inawagusa moja kwa moja kwa sababu ya pawa fakta, ambayo ni uzito wa kichwa kwa greni mara kasi kwa futi kwa sekunde, gawanya kwa 1,000, na daraja la chini linataka 125. Risasi ya greni 124 ikitoka futi 1,050 inakupa 130.2, uko salama. Peleka risasi hiyohiyo kwenye mtutu mfupi zaidi itoke futi 1,000, unapata 124.0, umeshashindwa kabla hujapiga hata shabaha moja.

Hatua ya 3: tenganisha usahihi wa bastola na usahihi wako

Kuna imani kwamba mtutu mfupi haulengi vizuri. Sio kweli kihivyo. Ukiifunga bastola kwenye mashine ya kuishikilia isitikisike, mtutu mfupi uliotengenezwa vizuri unaweza kukusanya matundu karibu sawa na mrefu, tena mfupi ni mgumu zaidi kupinda. Mifereji inaizungusha risasi vya kutosha hata kwenye inchi 3.

Kinachobadilika ni umbali kati ya saiti (alama ya kulengea) ya mbele na ya nyuma. Tuseme saiti ya mbele imeenda pembeni nusu milimita tu, kosa ambalo jicho halilioni vizuri. Kwenye bastola yenye sentimita 16.5 kati ya saiti, shabaha ikiwa mita 25, risasi inaangukia milimita 76 pembeni. Kwenye bastola yenye sentimita 13.5 kosa lilelile linakuwa milimita 93. Ukisogea mpaka mita 7 ni milimita 21 dhidi ya 26, tofauti ambayo mtu wa kawaida haioni kwenye karatasi. Kwa hiyo jiulize unapiga umbali gani kabla ya kulia na saiti.

Ukiweka saiti ya doti nyekundu tatizo hili linakufa, manake hamna tena saiti mbili za kupanga. Ndo maana bastola ndogo zenye doti zimependwa ghafla, mi naona ni sababu ya haki kabisa na sio fasheni tu.

Uzito wa mbele nao una kazi. Mtutu mrefu unaweka chuma mbele, mdomo hauruki juu sana na unarudi kwenye shabaha mapema. Bastola ndogo nyepesi inaruka, na mtu akishaanza kuiogopa anafumba macho na kubinya kifyatuo kwa hofu, hapo hata mtutu wa mita moja hausaidii.

Na ukibadilisha urefu wa mtutu au uzito wa kichwa cha risasi, usishangae alama ya kupiga ikihama juu au chini. Kichwa kizito cha polepole kinakaa mtutuni muda mrefu kidogo wakati bastola imeshaanza kuinuka, kwa hiyo kwa umbali wa bastola mara nyingi kinapiga juu zaidi ya chepesi. Piga kwanza, saiti ugeuze baadaye.

Hatua ya 4: elewa kwa nini fupi inajamu

Hapa ndo penyewe, twende taratibu.

Bastola nyingi za 9 mm na .45 zinatumia mfumo wa John Browning, mbunifu wa silaha wa Marekani, ambapo mtutu na slaidi vinarudi nyuma vikiwa vimefungana kwa milimita chache, risasi inatoka, presha inashuka, alafu mtutu unainama nyuma na kuachia slaidi iendelee peke yake. Slaidi inavuta ganda, inalitema, inagota mwisho, springi inairudisha mbele, njiani inaokota risasi mpya juu ya magazini na kuisukuma chemba. Yote hayo ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, na kila kitu kina zamu yake.

Sasa fupisha. Slaidi inakuwa fupi na nyepesi. Teke la risasi halijapungua, kwa hiyo slaidi nyepesi inarudi kwa kasi zaidi. Tuseme slaidi na mtutu pamoja vina gramu 450, ukipuuza gesi, risasi ya gramu 8 inayotoka mita 350 kwa sekunde inavisukuma nyuma kwa mita 6 hivi kwa sekunde. Vipunguze viwe gramu 350, vinaenda mita 8. Karibu theluthi moja ya ziada, na njia ya kwenda imefupishwa vilevile. Slaidi inarudi mbele mapema, magazini haijamaliza kuinua risasi inayofuata, slaidi inapita juu yake au inaikamata katikati ya mgongo. Ukitoa hiyo risasi utakuta mkwaruzo au kibonyeo ubavuni mwa ganda, hiyo alama itafute, ina maana slaidi ilifika kabla risasi haijakaa sawa.

Ili kuizuia slaidi yenye haraka, kiwanda kinaweka springi kali, na nafasi ya kuiweka imepungua, kwa hiyo springi fupi inabanwa karibu mpaka mwisho kila risasi. Springi ya namna hiyo inachoka mapema. Wengine wanatumia springi mbili, moja ndani ya nyingine, na inasaidia kweli, Glock 26 inayo na ndo moja ya sababu bastola ile ndogo ina sifa nzuri.

Mfano wa kufundishia ni 1911, bastola ya zamani ya .45 ya huyohuyo Browning. Ilivyozaliwa ina mtutu wa inchi 5, na kila kitu ndani yake kimepangwa kwa urefu huo. Ile ya inchi 4 na robo, Commander, bado inaenda vizuri. Ukishuka mpaka inchi 3 na nusu na hasa 3, mtutu unatakiwa kuinama kwa pembe kali zaidi ndani ya nafasi finyu, bushi ya mbele (pete inayoshika mdomo wa mtutu) inaondolewa na mtutu unatanuliwa mdomoni badala yake, slaidi inapunguziwa safari, na risasi ya .45 yenyewe ina urefu wa milimita 32, kwa hiyo slaidi ikifika nyuma kabisa inabakiza nafasi ndogo sana ya ziada. Zipo 1911 za inchi 3 zinazofanya kazi, sikatai, ila ni bastola zinazotaka mwenye kuzijali. Mtu anayetaka kununua kitu akisahau kwenye droo asiende huko.

Bastola zenye mtutu usiocheza, kama Makarov (mtutu milimita 93) au Walther PPK, hazina habari ya kuinama, uzito wa slaidi na springi peke yake ndo vinashikilia. Zinalenga vizuri kwa udogo wake. Bei yake ni springi ngumu kuvuta na teke kavu kwa risasi ambayo sio kubwa.

Alafu kuna mkono wako. Mfumo huu unahitaji fremu isimame wakati slaidi inaondoka. Bastola nzito inasimama kwa uzito wake, nyepesi inategemea kiganja. Ukiishika kilegevu fremu inarudi pamoja na slaidi, safari inapungua, ganda halitoki lote, linabanwa limesimama wima kwenye dirisha la slaidi. Kabla ya kulaumu kiwanda mpe bastola mtu mwenye mkono mzoefu apige magazini moja na risasi zilezile.

Rivolva fupi hazina kesi hizi zote, slaidi hamna. Ila fimbo ya kutolea maganda nayo inafupishwa na mtutu, kwenye rivolva za inchi 2 mara nyingi haisukumi maganda mpaka nje kabisa, kwa hiyo elekeza mdomo juu na uigonge kwa nguvu, vinginevyo ganda moja linabaki limening'inia.

Hatua ya 5: chagua risasi kufuata mtutu

Kwa mazoezi tumia risasi ya kichwa cha mviringo kilichofunikwa shaba, nguvu ya kawaida. Bastola fupi yenye springi kali na risasi dhaifu za bei rahisi zinagombana, slaidi haifiki nyuma kabisa.

Kwa kujilinda ishu ni kichwa chenye tundu, ambacho kinatakiwa kufunguka. Kila muundo una kasi ya chini ambayo ikipungua tundu linaziba na kichwa hakifunguki. Kipimo kinachotumiwa sana ni cha FBI, walichokitengeneza baada ya maajenti wake kupigana risasi na majambazi huko Miami mwaka 1986, ambacho kinataka risasi izame inchi 12 mpaka 18 kwenye jeli, yaani sentimita 30 mpaka 46. Risasi iliyojaribiwa kwa mtutu wa inchi 5 haina dhamana kwenye mtutu wa inchi 3. Watengenezaji wengine wanatoa risasi maalumu za mitutu mifupi zenye tundu lililolegezwa lifunguke kwa kasi ndogo na baruti inayowaka mapema, na hizo sio ujanja wa biashara, zina maana. Vinginevyo kwenye 9 mm fupi angalia greni 124 +P kama bastola yako imeruhusiwa +P, au greni 147, ambayo tangu mwanzo imepangwa kwenda polepole, kama mita 300 kwa sekunde, kwa hiyo mtutu mfupi hauishtui sana. Soma kitabu cha bastola kuhusu +P, sio kila bastola ndogo inaivumilia.

Hatua ya 6: jaribu, kwa utaratibu

Vaa miwani na vizuia sauti, na kwa mitutu mifupi weka vya ndani ya sikio na vya nje pamoja.

Anza na kronografu, kifaa cha kupima kasi ya risasi. Kama ni ile ya optiki iweke kama mita 3 mbele, ukiikaribia zaidi mwali na moshi wa mtutu mfupi unaidanganya. Ya rada inakaa pembeni yako, haina shida hiyo. Piga risasi 10 za aina moja, andika wastani, ya juu kabisa na ya chini kabisa. Andika na joto la siku hiyo, baruti nyingine zinabadilika na hali ya hewa. Ukiwa na bastola mbili za urefu tofauti zipige siku hiyohiyo, kwa risasi za boksi lilelile, la sivyo unalinganisha hewa.

Alafu mashine. Bastola mpya ipe risasi 200 za mazoezi bila kuifuta katikati, ukizungusha magazini zote ulizonazo na kila magazini umeiwekea alama kwa kalamu. Kisha zile utakazobeba, angalau magazini mbili tatu zilizojaa, ghali au sio ghali. Piga mikono miwili, kisha mkono wa kulia peke yake, kisha wa kushoto peke yake. Piga magazini ikiwa imejaa kabisa na moja chemba, hapo springi ya magazini imebanwa na slaidi inapata msuguano mkubwa kuliko wakati wowote.

Kila ikijamu usiirekebishe kwa pupa, elekeza mdomo kwenye shabaha, kidole nje, angalia vizuri, piga picha ukiweza. Ganda limesimama wima dirishani? Shuku mkono, risasi dhaifu, au springi mpya kali ambayo haijazoea. Slaidi imepita juu ya risasi au imeikamata mgongoni? Shuku springi ya magazini, na springi ya slaidi iliyochoka. Slaidi imebakiza milimita mbili kufunga? Uchafu chembani, springi iliyochoka, au risasi yenyewe imetengenezwa vibaya. Slaidi haibaki nyuma risasi zikiisha? Mara nyingi ni kidole gumba chako kimekaa juu ya kile kidude cha kuishikilia slaidi nyuma, la sivyo risasi dhaifu. Tatizo likifuata magazini moja yenye alama, tupa hiyo magazini, umemaliza.

Maganda nayo yanasema. Yakianguka mita moja au mbili pembeni kwa mpangilio, sawa. Yakianza kuruka mbali kuliko zamani wakati risasi ni zilezile, slaidi imepata kasi, springi inaaga. Yakidondokea kiganjani, slaidi inachelewa.

Ukiona sauti ya mlipuko imekuwa ndogo ghafla, simama. Kuna uwezekano kichwa cha risasi kimebaki mtutuni. Subiri nusu dakika mdomo ukiwa kwenye shabaha, toa magazini, toa kilichomo chembani, angalia mtutu ndipo uendelee.

Mtutu mrefu na vya kuongeza mbele

Mirefu nayo ina mambo yake. Slaidi ndefu ni nzito, risasi dhaifu haiwezi kuirudisha, na ndo maana Glock 34 ina dirisha limekatwa juu ya slaidi, wamepunguza uzito ili irudi kama ya 17. Kompensata ukiifunga mbele inaongeza uzito kwenye mtutu unaotakiwa kuinama, na inachukua gesi kuipeleka juu, kwa hiyo mdomo unatulia lakini slaidi inapata nguvu pungufu. Bastola iliyokuwa inakula kila kitu inaanza kuchagua risasi. Kabla ya kuanza kubadilisha springi za kila aina jaribu kwanza risasi yenye nguvu ya kawaida ya kiwandani.

Kuhusu kukata mtutu mwenyewe kwa msumeno: hapana. Ukingo wa mdomo ndo kitu cha mwisho kugusa risasi, ukiwa umeinama hata kidogo gesi inatoka upande mmoja mapema na kuisukuma risasi pembeni, na hiyo nimeacha sheria kando.

Sheria zenyewe zina urefu ndani yake. Kanada iliweka mstari kwenye milimita 105, bastola yenye mtutu wa kuishia hapo ikawekwa kwenye kundi la zilizopigwa marufuku, na Glock wakatoa Glock 19 ya huko yenye milimita 106. Uingereza silaha ndogo yenye mtutu chini ya sentimita 30 au urefu wote chini ya sentimita 60 ni marufuku kwa kawaida. Michezoni IPSC daraja la Production linaishia milimita 127, na bastola za ISSF (shirikisho la kimataifa la kupiga shabaha) za mita 25 zinaishia 153. Kabla ya kununua mtutu wa kubadilisha soma ya kwako.

Hatua ya 7: matunzo yanafuata urefu

Bastola kubwa inaweza kwenda risasi elfu 3 mpaka 5 kwa springi moja ya slaidi. Ya inchi 3 usiisubiri hivyo, fuata kitabu chake, na kwa .45 ndogo ni kawaida kuambiwa ubadilishe kila risasi 500 mpaka 1,000. Namba hiyo iandike kwenye karatasi pamoja na tarehe na idadi ya risasi ulizopiga, karatasi ikae ndani ya boksi la bastola. Nunua springi mbili kwa pamoja, na ile mpya iweke pembeni ya ile ya zamani ulinganishe urefu, ya zamani ikiwa imepungua kwa kiasi kinachoonekana kwa macho ilishapitiliza.

Mtutu mfupi unatema baruti isiyoungua, inajikusanya chini ya koleo la kuvutia ganda na kwenye njia ya kuingilia chemba. Mswaki wa nailoni unatosha hapo. Mafuta weka kidogo kwenye reli za slaidi na pale mtutu unapopita mdomoni mwa slaidi. Bastola ya kubeba karibu na mwili inakusanya nyuzi za nguo na jasho, ifungue kila wiki mbili hata kama hujapiga, na magazini uitoe risasi, uivunje, uipulize, manake uchafu unaoshusha kasi ya springi ya magazini kwenye bastola ndefu hauleti shida, kwenye ya inchi 3 unaleta siku hiyohiyo.